Gharama ya Kahawa Katika Kufufua Vespa

Mtu fakiri aliyeazimia kufufua pikipiki kuukuu nyumbani kwake, kwa matumaini ya kuokoa ujira wa fundi, imempasa kupiga hesabu ya kahawa kabla ya kupiga hesabu ya vipuri. Daftari langu la matumizi, ambalo nililinunua mahsusi ili niandike humo bei ya kila nati na kila shibiri ya waya, limejaa sukari, tangawizi, kashata na haluwa, na mtu akilifungua bila ya kuambiwa lilikuwa la shughuli gani, atadhani ni la baba aliyemwoza binti yake wa pekee.

Chombo chenyewe ni vespa ya aina ya PX, ya cc 150, iliyokuwa imelala miaka mingi nyuma ya nyumba moja hapa Ng'ambo, imefunikwa gunia, na kuku wakitaga pale palipokuwa pa kuwekea miguu. Mwenyewe aliniachia kwa bei isiyofika ya mbuzi wa akika, akapokea fedha bila ya kuzihesabu, jambo lisilo la kawaida kwa wauzaji wa mji huu, kisha akaufunga mlango nyuma yangu kwa komeo.

Ni haki kumtaja hapa mtu aliyekibuni chombo hiki, kwa kuwa nusu ya mashaka yangu yametokana na wema wake. Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, naye pikipiki hakuzipenda hata kidogo: aliona kwamba zinachafua nguo, ni taabu kuzipanda, na kubadilisha gurudumu lake njiani ni adhabu. Basi kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyokuwa ikiunda ndege hata vita vikaharibu kiwanda chake cha Pontedera, ilipomtaka atengeneze chombo cha watu wa kawaida, alitoa mwaka 1946 kitu ambacho injini yake imesitiriwa ndani ya bati, magoti yamekingwa kwa ngao, katikati pameachwa wazi pasi na kizuizi, na magurudumu yanashikwa kwa upande mmoja tu, kwa mfano wa magurudumu ya ndege. Lau angalikuwa ametumwa na masheikh wa Unguja, asingaliweza kuwapatia chombo kinachowafaa zaidi, maana imamu hukipanda na kanzu yake nyeupe akafika msikitini hana doa, na bibi aliyevaa buibui hukaa ubavu nyuma yake kwa heshima zote. Lakini uchafu hauondoki duniani kwa kusitiriwa. Grisi na masizi yote ambayo bwana huyo aliwaepushia wapandaji yalikuwa yamehifadhiwa ndani kwa amana, yakimngoja atakayefungua, na aliyefungua ni mimi, tena nikiwa na kanzu, kwa sababu nilikuwa nimedhamiria kuchungulia tu.

Vespa, tofauti na pikipiki nyingine, haina fremu ya mabomba: bati lake ndilo linaloibeba, na bati likioza hakuna kinachosalia cha kutegemewa. Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi ya kutosha kula bawaba za milango, sembuse bati jembamba. Nilipong'oa mpira uliotandikwa pale pa kuwekea miguu, niliona sakafu ya ua wangu, tena waziwazi, pamoja na sisimizi waliokuwa wakipita kwa shughuli zao. Fundi wa kuchomelea aliyekuja na mashine yake alifanya kazi kwa ikhlasi, lakini kila alipoziba tundu la ukubwa wa punje ya dengu, moto ulimfungulia kando yake jingine la ukubwa wa mdomo wa kopo, hata tukakubaliana kwamba ni aula kulikata bati lote lililooza na kutia jingine. Bati hilo jingine lilitoka katika mlango wa friji iliyokufa, na yeyote atakayejilaza chini ya chombo changu atasoma hapo kibandiko, ambacho hatukuweza kukibandua, kinachonasihi kwamba mlango usiachwe wazi kwa muda mrefu.

Habari kwamba pana vespa imefunguliwa ilienea mtaani kabla ya magharibi, na baada ya magharibi baraza ilihamia kwangu. Alikuwapo baharia mstaafu aliyefanya kazi katika vyumba vya injini za meli, ambaye hakuwa na imani na injini yoyote isiyoweza kuingiwa na mtu mzima akiwa wima. Alikuwapo maalim wa chuo cha Kurani, mwenye ndevu nyeupe na rai chache, ingawa kila rai yake ilihitaji finjani mbili kabla ya kutoka. Na alikuwapo kijana wa bodaboda, mjuzi wa pikipiki za kisasa, aliyekiita chombo changu mkweche na kukitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo wagonjwa ambao jamaa zao wamekwisha kuitwa. Hakuna kati yao aliyetaka ujira. Ada ya mji wetu, hata hivyo, haimruhusu mwenye nyumba kumwacha mtoa ushauri wa bure akae na kinywa kikavu, wala ushauri wa namna hiyo haukatiki maadamu dele lina kahawa.

Mjadala wa kwanza ulihusu mafuta. Kijana wa bodaboda alishikilia kwamba petroli ni petroli na oili ni oili, kila kimoja na tundu lake, na kuvichanganya ni ujinga wa wazee. Ikambidi baharia asimame, kwa kuwa hakuzoea kueleza jambo zito akiwa amekaa, amfahamishe kwamba pistoni ya vespa hulainishwa na oili iingiayo pamoja na petroli, ikaungua nayo na kutoka moshi. Hilo ni kweli. Kipimo chake ni sehemu mbili katika mia, yaani mililita 20 kwa kila lita, na mtu akipunguza, pistoni hukwama, akizidisha, plagi hujaa masizi. Kwa kuwa sikuwa na cha kupimia, wala mfuko haukuruhusu kununua, maalim alichukua bomba la kunyweshea watoto dawa, akapima maji kwa subira kubwa, akathibitisha kwamba finjani yangu ya kahawa ikijaa huchukua mililita 60, kwa hiyo finjani moja ya oili yatosha lita tatu za petroli. Uvumbuzi huu ulisifiwa sana. Kasoro yake ilidhihiri siku ya pili, pale mmoja wa watoto, kwa moyo wa kusaidia, alipoikusanya finjani ile pamoja na nyingine na kuirudisha kwenye sinia. Ilimwangukia baharia. Alikunywa, akanyamaza, akaitazama mbingu, kisha akasema kwa utulivu kwamba kahawa ya leo inamkumbusha Bahari ya Sham, akaomba nyingine.

Oili iunguayo huacha ukoko mgumu ndani ya eksozi, na eksozi ikiziba injini hukosa pumzi, hata ikawa chombo hakipandi kilima ambacho punda mwenye shehena anakipanda. Wanabaraza wangu, ambao hawajawahi kuafikiana hata juu ya mwandamo wa mwezi, waliafikiana kwamba dawa ya ukoko ni moto. Nikawasha makaa katika seredani ya mke wangu, pasi na kumsumbua kwa kumwomba, nikailaza eksozi juu yake. Moshi uliotoka ulikuwa wa manjano iliyoelekea kijani, mzito, usiopenda kupaa, nao ulitambaa juu ya ukuta ukaingia kwa jirani, ambaye kwa kudura ya Mwenyezi Mungu alikuwa saa ile ile akizifukiza udi nguo za binti yake aliyekaribia kuolewa.

"Jamani, huko kwenu kunaungua nini?" ilisikika sauti nyuma ya ukuta.

Maalim, asiyesema uongo, alijibu, "Ni eksozi, mwanangu."

"Eksozi ya kuliwa, maalim, au ya kujifukiza?"

Nguo zilifuliwa upya, na udi mwingine ukanunuliwa, na bei ya udi huo imo katika daftari langu, chini kidogo ya kashata.

Kuhusu vipuri nitasema machache, kwa kuwa katika matumizi yote ndivyo vilivyonigharimu kidogo. Bahati ya mwenye vespa ni kwamba India nayo iliiunda kwa miaka mingi: Bajaj waliiunda kwa leseni ya Piaggio hata mwaka 1971, na baadaye LML wakaja kuiunda kule Kanpur, na vipande vingi vya LML huingia katika PX bila ya ugomvi. Muuza vipuri huuliza kwa adabu, "Wataka ya Italia, ya India, au ya mfano wake?" Hiyo ya tatu ndiyo yenye bei ya fakiri. Waya wangu wa klachi ulikuwa wa mfano wake, nao ulifanana na wenyewe kwa kila sifa isipokuwa urefu, uliopungua kwa upana wa vidole viwili. Na vidole viwili, katika waya utokao usukanini, ukashuka ndani ya ngao na kupita chini ya sakafu hata ukaifikia injini, ni masafa yasiyovutika hata kwa dua.

Gia za vespa hubadilishwa kwa mkono wa kushoto, kwa kusokota mshikio, na amri ya mkono hufikishwa kwenye injini kwa nyaya mbili zisizo na tofauti kwa macho, mmoja wa kuvuta huku na mmoja wa kuvuta kule. Nyaya hizo zikipishana, kila gia nayo hugeuka, na alama zilizoandikwa mshikioni hazina tena uhusiano wowote na yanayotendeka chini. Baharia alizifunga mwenyewe, wala hapakuwa na wa kumsimamia, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kwa umri baada ya maalim. Siku ya kuwasha, baada ya sala ya alasiri, kijana wa bodaboda alipiga kiki hata jasho likamtiririka, akafungua plagi, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha, akapiga tena, na ghafla chombo kikanguruma kwa moshi mweupe na shangwe ikapanda. Alama ilionyesha kwamba chombo hakimo katika gia yoyote. Chombo chenyewe kilikuwa na rai tofauti. Kilishuka stendi, kikampita maalim aliyekuwa akimshukuru Mungu, kikavuka ua peke yake kwa mwendo wa adabu, kikaingia jikoni ambako mke wangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, kikajigonga kwenye gunia la makaa na kuzimika. Mke wangu hakuinuka.

"Baba watoto," aliita, "mgeni wako huyu naye anakunywa kahawa, au nimpakulie chakula?"

Nyaya zilipishwa upya. Rangi ya kupulizia ilimalizika koponi kabla ya kufika upande wa kulia, kwa hiyo upande huo umebaki na rangi yake ya zamani, na baraza imepitisha kwamba hivyo ndivyo inavyopendeza. Sasa vespa inatembea. Taabu ni kwamba haitembei nami. Kila aliyetoa rai anajihesabu kuwa ana hisa ndani yake, na kwa sheria ya baraza, isiyoandikwa wala isiyo na kadhi wa kuitengua, rai moja ni sawa na safari moja. Ijumaa ni ya maalim. Baharia huichukua kwenda Bububu kumjulia hali dada yake, ambaye kwa muda wa miaka yote alipokuwa hana usafiri hakuwahi kumtaja. Kijana wa bodaboda, mwenye pikipiki mpya yake mwenyewe, huiazima kila Jumamosi kumpeleka mchumba wake Forodhani, akidai kwamba ile ya kwake inamchafulia bibiye buibui. Mimi nimeandikiwa Jumatano, iwapo jirani wa udi hatakuwa na safari siku hiyo. Naye, kwa sababu ya nguo za bintiye zilizofuliwa mara mbili, ametangulizwa mbele yangu katika orodha, wala hapana aliyepinga.