Barua ya Wazi kwa Wakubwa Wanaouamini Mkono Wangu wa Kulia

Kwa Mheshimiwa Mhusika,
Ofisi Yoyote Itakayokubali Kwamba Jambo Hili ni Lake,
Dodoma, Dar es Salaam au popote kikao kilipo.

YAH: SHUKRANI KWA KUTUEPUSHA NA BREKI ZA ABS

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa anuani. Nilitaka kuandika jina la ofisi moja, nikashindwa kuchagua. Kadi ya pikipiki inatoka TRA, na leseni ya udereva vilevile. Leseni ya kubeba abiria ni ya LATRA. Viwango vya bidhaa ni kazi ya TBS. Anayenisimamisha njiani ni askari wa Usalama Barabarani, na halmashauri nayo ina neno lake kuhusu mahali pa kuegesha. Wote hao wana haki ya kuniuliza. Yupi kati yao naweza kumuuliza mimi, hilo sijalijua. Basi barua nawapelekea wote, mtagawana wenyewe.

Mimi ni dereva wa bodaboda, na mizunguko yangu mingi ni ya Kimara na Ubungo. Naandika kuwashukuru kwa heshima kubwa mliyotupa sisi madereva wa pikipiki: mnatuamini. Wenzetu huko nje hawaaminiwi hata kidogo.

Angalieni India, wanakotengeneza pikipiki nyingi tunazofanyia kazi. Serikali yao iliamuru kwamba kuanzia Aprili 2018 kila modeli mpya yenye injini ya zaidi ya cc 125 iwe na ABS, na kufikia Aprili 2019 amri hiyo ikazifikia pikipiki zote mpya za ukubwa huo. Zile ndogo zikaamriwa ziwe angalau na CBS, mfumo ambao ukishika breki moja, ya pili nayo inashika. Ulaya walishatangulia: modeli mpya za zaidi ya cc 125 mwaka 2016, na pikipiki zote mpya za ukubwa huo mwaka 2017. Ni dhahiri kwamba Wahindi na Wazungu wamekata tamaa na madereva wao. Ninyi hamjakata tamaa na sisi. Meli inapotia nanga Dar es Salaam, pikipiki nyingi za kazi zinashuka na dramu mbele, dramu nyuma, waya mmoja, fito moja na baraka zenu.

Kwa kuwa wengi wenu mnatembea kwa gari, niruhusuni nieleze kifaa hiki mlichotuepusha nacho. Kwenye gurudumu kuna pete yenye meno au matundu, na pembeni yake kihisi kinachosoma kasi. Dereva akishtuka akabana breki kwa nguvu zote, gurudumu linataka kukwama. Kompyuta ndogo inaliona hilo kabla dereva hajamaliza kusema "Mungu wangu", inapunguza presha ya breki, inairudisha, inapunguza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Gurudumu linaendelea kuzunguka huku likipunguza mwendo, na pikipiki inabaki wima. Gari likikwama magurudumu linaserereka likiwa limesimama kwa miguu yake minne. Pikipiki ikikwama gurudumu la mbele haina mguu wa akiba. Inalala hapo hapo, na sisi na abiria tunalala nayo.

Teknolojia yenyewe si ngeni. BMW waliiweka kwenye K100 mwaka 1988. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto, na huenda mmoja wao nimewahi kumpeleka shule, nikiwa na dramu.

Sasa nije kwenye ujuzi, ambao ndio msingi wa imani yenu. Kila tunapouliza habari za ABS, tunajibiwa kwamba dereva mzuri haihitaji. Kinachotakiwa ni umakini. Naafiki kwa moyo mkunjufu. Ila ningependa kujua huo ujuzi niliupata lini, ili niweke kumbukumbu zangu sawa. Mimi nilifundishwa kwenye uwanja wa mpira. Binamu yangu alinionyesha klachi, gia na mafuta, akanisukuma, nikazunguka goli. Kuhusu breki somo lilikuwa sentensi moja: "Ya mkono usiiguse, itakumwaga." Jioni nikakabidhiwa abiria.

Na binamu hakunidanganya. Njooni kijiweni mtazame wenyewe. Mtakuta pikipiki ambayo ukivuta liva ya breki ya mbele inakuja mpaka inagusa mshikio, na gurudumu halina habari. Haijaharibika. Waya umelegezwa makusudi. Fundi aliulegeza kwa spana moja, bila hata kupunguza sauti ya redio, kwa sababu mwenye pikipiki alishamwagwa siku ya mvua na hataki tena. Ukimuuliza atakwambia breki ya mkono ni adui. Tangu hapo anasimamisha pikipiki kwa mguu wa kulia na dua.

Tatizo ni kwamba sayansi haikubaliani na mguu wake. Ukishika breki, uzito wa pikipiki, wako na wa abiria unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuserereka. La mbele linagandamizwa chini, na ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde. Kwenye lami kavu, anayetegemea breki ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya umbali wa anayezitumia zote mbili vizuri. Katika zile mita za ziada ndipo daladala husimama ghafla kumpakia mtu aliyepunga mkono. Yaani sisi mnaotusifia ujuzi tumejifunza kwa juhudi kubwa kuikwepa breki bora kuliko zote tulizonazo.

Na tunaikwepa kwa akili timamu. Breki ya mbele inajifunzwa kwa kuibana karibu na kikomo chake, na kwenye dramu bila ABS njia ya kukijua kikomo ni kukipita. Nani atafanya zoezi hilo kwa pikipiki ya mkataba, ambayo tajiri anadai hesabu yake jioni hata kama goti limechubuka? ABS ingeniruhusu nibane, nikosee, nibaki wima, nirudie. Wanaosema kifaa hiki kinaua ujuzi wanisaidie jambo moja: kwa dereva kama mimi, ujuzi wenyewe ungepatikana wapi pengine?

Kijiweni kwetu kuna msomi ambaye akisikia ABS huwataja wakimbiaji wa MotoGP, kwamba wao hawana. Ni kweli, hawana. Lakini wale wanazunguka njia ileile ambayo kila kona yake wanaijua kwa jina. Hakuna bajaji inayotokea kushoto, hakuna oili iliyomwagika kituoni ikachanganyika na mvua ya kwanza ya masika, na hakuna mama mwenye mtoto mgongoni aliyeshika mfuko wa nyanya nyuma yao. Wakianguka, gari la wagonjwa limeshawashwa. Siku LATRA itakaponipa njia ya namna hiyo, nitaipeleka ABS yangu sokoni Gerezani mwenyewe.

Marekani kuna taasisi ya makampuni ya bima iitwayo IIHS. Hao ni watu wa bima. Mapenzi yao kwa waendesha pikipiki yanaishia kwenye hesabu ya fidia. Walilinganisha modeli zilezile, zenye ABS na zisizo nayo, wakakuta ajali za vifo kwa zenye ABS zikiwa pungufu kwa asilimia 22. Na wale ni madereva wenye leseni na barabara zenye mistari. Sisi hapa tuna msemo wetu, "ajali haina kinga", ambao husemwa na mkubwa aliyefika msibani, kisha anapanda gari na kuondoka. Msemo huu umefanya kazi nyingi kuliko ofisi kadhaa. Inaelekea hakuna aliyewaambia watu wa bima.

Msije mkadhani nimetumwa na wauza breki. ABS haitibu tairi kipara. Kwenye changarawe na vumbi zito inaweza hata kuongeza umbali wa kusimama. Ile ya kawaida haina miujiza kwa aliyeingia kona akiwa amelaza pikipiki kwa mwendo wa kichaa, wala haimzuii mtu kubeba mshikaki wa watu wanne au kuendesha akiwa amelewa. Haifungwi kwenye dramu ya waya pia. Inataka breki ya diski yenye mafuta, na fundi anayejua kuitoa hewa vizuri. Vyote hivyo ni gharama, na najua gharama itapita kwa tajiri haraka sana na kuja kukaa kwenye mkataba wangu. Ndiyo maana kwa pikipiki ndogo ningeanza na CBS, ambayo inawezekana hata kwenye dramu: breki ya mguu ninayoibonyeza kwa mazoea inaivuta na ya mbele kidogo, bila kuniomba ruhusa na bila kunikumbusha maneno ya binamu. Kwa zile za zaidi ya cc 125, hata ABS ya gurudumu la mbele peke yake ingetosha kuanzia, maana hilo ndilo linalotumwaga.

Viwanda vya India navyo havina ugeni na kazi hiyo, kwa kuwa pikipiki zao za kuuza nyumbani zinapita kwenye sheria niliyoitaja. Kiwanda huuza kile ambacho sheria ya mnunuzi inakubali. Kule sheria imeomba breki. Sisi tumeomba stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na kweli tumepata stika.

Lakini nisiwachoshe kwa kulalamika wakati nimekuja kushukuru. Ili imani yenu katika ujuzi isionekane ni ya upendeleo kwa watu wa bodaboda, napendekeza iwaguse wote. Nchi hii ina madereva wenye ujuzi wa kweli: wale wanaoendesha V8 zenye namba za STL na STK. Wengine wamesomea NIT, wamefanya mitihani, wana vyeti, na wamezoea mwendo. Hata hivyo, kwa dharau ambayo sielewi ilitoka wapi, kila moja ya magari hayo lilikuja na ABS magurudumu yote manne, mikanda, na mifuko ya hewa ya kumkumbatia aliyeketi. Dereva aliyefundishwa amepewa kompyuta. Asiyefundishwa ameambiwa awe makini. Kama ujuzi ndio kila kitu, hapa vifaa vimegawiwa kinyume.

Rekebisheni basi. Waagizeni mafundi wa serikali wafungue boneti za V8 zote na kung'oa fyuzi ya ABS. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji bajeti. Dereva ataambiwa, kama ninavyoambiwa mimi, kwamba umakini unatosha. Kisha msafara uondoke Kimara kuteremka Ubungo siku ya mvua ya masika, kwa mwendo wenu ule wa kawaida, na waheshimiwa wote wakiwa ndani.

Mkilikubali pendekezo hili, nitaamini kwamba kweli mnaona ujuzi unatosha, na sitawaandikia tena. Mkiona ni la hatari, mtakuwa mmenijibu, na kitakachobaki ni kupanga tarehe. India waliweka moja ya modeli mpya na nyingine ya pikipiki zote, mwaka mmoja kati yake. Ulaya wakafanya vivyo hivyo. Ofisi yoyote kati yenu inaweza kuiga. Kalenda zipo, na nyingi zina picha zenu.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Dereva wa Bodaboda,
Dar es Salaam.