Sakafu ya Mbao: Makosa Saba, Kutoka Dogo Hadi Kubwa

Nyumba nyingi za zamani jijini Nairobi zina sakafu ya vipande vya muhugu, mti mgumu ambao wachonga vinyago wanaujua vizuri. Mwenye nyumba huiona imepauka, akailaumu mbao. Mbao haina kosa! Mara nyingi sakafu ya aina hii huharibiwa na watu wasafi kuliko wachafu. Tuhesabu makosa saba, tukianza na lililo jepesi.

7. Ufagio wa chelewa sebuleni
Chelewa zina kazi yake uani. Ndani tumia ufagio laini, au mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini, na brashi ile inayozunguka uizime. Fagia kila siku pale panapopitwa sana. Chini ya kochi pia, hata kama mgeni hafiki huko, vumbi linafika.

6. Viatu kuingia na mchanga
Msasa wa fundi ni chembe ngumu zilizogandishwa kwenye karatasi. Mchanga wa barabarani ni chembe hizo hizo, karatasi tu ndiyo haipo. Weka kitambaa cha kufutia miguu nje na kingine ndani, kisha viatu vibaki mlangoni. Visigino vyembamba hubonyeza hata mbao ngumu. Shangazi apigiwe makofi kwa viatu vyake vipya, halafu apewe ndara.

5. Kuburuta viti
Bandika vipande vya felti chini ya miguu ya viti na meza, na uvikague, kwa sababu hushika mchanga vikaanza kukwaruza vyenyewe. Kabati lihamishwe kwa kuinuliwa. Wajomba wanaokuja kula pilau Jumapili wana mikono: walipe pilau kwa kubeba.

4. Kusahau jua
Mwanga wa jua hubadilisha rangi ya mbao. Zulia lisilosogezwa miaka mitatu litakuachia ramani yake. Funga pazia saa za jua kali, usogeze zulia mara kwa mara, na uepuke lenye mpira chini, maana mpira huweza kuacha doa. Zulia nalo linapenda kutembea.

3. Kutojua sakafu imepakwa nini
Dondosha maji kidogo pembeni, mahali pasipoonekana. Yakibaki juu yamejikusanya, vanishi bado nzima. Baada ya dakika kumi pakiwa na doa jeupe, yaelekea ni nta. Yakizama na mbao ikawa nyeusi, haina kinga tena. Nta ipakwe kwenye sakafu ya nta peke yake: juu ya vanishi huteleza, na siku ya kupaka vanishi mpya, vanishi haitashika. Uliza sakafu kwanza, muuza duka baadaye.

2. Kuhamishia jiko sakafuni
Siki, ndimu, magadi, jiki: kila jirani ana dawa yake na kila jirani ana uhakika. Asidi ya siki hufifisha mng'ao wa vanishi pole pole, na jiki hubabua rangi ya mbao. Mashine ya mvuke husukuma joto na unyevu hadi kwenye viungo. Nunua sabuni ya sakafu ya mbao isiyo kali. Siki irudi kwenye kachumbari, huko inapendwa.

1. Kupiga deki
Hili ndilo kosa kuu. Saruji na vigae huvumilia maji, lakini mbao huyanywa. Yakiingia kwenye viungo, upande wa chini huvimba na kingo za ubao huinuka kama za sinia. Tumia tambara lililokamuliwa hadi lisidondoshe hata tone, pangusa kufuata nyuzi za mbao, kisha kausha papo hapo. Chai ikimwagika, mbio!

Na kingo zikishainuka, usikimbilie msasa. Ziba panapovuja, acha mbao ikauke kabisa, hata ikichukua wiki nyingi. Ukiisawazisha ingali mbichi, ikikauka itabaki na nundu katikati. Ubao mzima wa milimita 19 unaweza kupigwa msasa mara kadhaa maishani mwake. Ule wenye ganda jembamba la mbao ngumu juu huenda usihimili hata mara moja. Kwa hiyo kabla fundi hajawasha mashine, mwambie akupimie unene: muhugu ukishakuwa vumbi haurudishwi.