Nimekabidhiwa Jiko

Hivi jirani, nani alisema maharage ni chakula cha bei rahisi? Mtu huyo namtafuta. Nina hesabu naye.

Maana mimi nimekabidhiwa jiko. Sikuomba. Niliuliza tu, tena kwa upole, kwamba hela ya matumizi inakwenda wapi, mbona kila jioni naambiwa imekwisha. Mama watoto hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Alichukua kikapu akakiweka mezani, akaweka na hela ya wiki nzima juu yake, akasema, "Haya, Baba Chausiku, tuoneshe." Halafu akaenda zake uani kusukwa nywele. Hela imetoka wapi sikuuliza. Mwanaume ukiona hela mezani unauliza nini tena?

Nikachukua daftari la mtoto na rula. Nikachora ratiba. Jumatatu ugali maharage. Jumanne wali maharage, na nazi. Jumatano ugali dagaa. Alhamisi kisamvu. Ijumaa samaki, kwani na sisi si watu? Jumamosi makande. Jumapili pilau. Hakuna chipsi, hakuna chapati za kununua, kila kitu kinaanzia jikoni kwetu. Nikaibandika ukutani kwa ukoko wa ugali, gundi hatuna. Ilipendeza. Mdogo akasoma weee, akaniuliza, "Baba, na chai ya asubuhi?" Nikamfukuza. Chai inawekewa bajeti tangu lini? Miaka yote naamka nakuta chai ipo.

Basi mie nikajifanya mjanja. Dukani kwa Mangi hatununui, Mangi anapima robo robo. Nikaenda Tandale, nafaka zinakoshushwa. Maharage nikanunua sado nzima. Muuzaji akaniwekea kilele juu, kinamwagika pembeni, mpaka nikamwonea huruma, nikamwambia inatosha kaka. Alipomimina kwenye mfuko ndiyo nikaona kitako cha sado kimebonyezwa kwa ndani. Nilisema kitu? Sikusema. Alikuwa na mikono minene.

Unga nao sikununua. Nilinunua mahindi, nisage mwenyewe, tule dona. Dona ina pumba, ina kiini, lishe yote imo. Nikarundika kwenye daladala. Konda akasema mzigo unakaa siti, kwa hiyo mzigo unalipa. Nikalipia mzigo. Mzigo ukakaa. Mimi nikasimama mpaka kituoni, tena mtu mmoja akanikanyaga. Mashineni foleni, vumbi la unga mpaka kope. Natoka nje, binti mmoja akanipisha njia. "Shikamoo, babu." Nina miaka arobaini na kitu! Na huo unga wenyewe nimesaga wa mwezi, ndiyo naambiwa dona haikai, kile kiini kina mafuta, kinachacha. Sasa lishe gani hiyo ina haraka hivyo?

Jumatatu nikabandika maharage saa kumi na moja jioni. Nikapepea. Nikapepea. Mama watoto anapita, anachungulia, anaguna, anapita. Hakuna aliyeniambia maharage yanalowekwa tangu usiku. Mimi kuloweka najua nguo. Saa mbili nikabonyeza moja, likaruka likaenda chini ya kabati. Mkaa ukaisha, nikatuma mtoto kopo. Ukaisha tena, kopo jingine. Utaniambia gesi. Mtungi upo, ule mdogo wa kilo 6, mtupu, kazi yake kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nasikia serikali ina mkakati, ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Jambo jema. Ila mimi najijua, nimo kwenye ile ishirini.

Tulikula saa nne usiku. Watoto tuliwaamsha, mmoja alikula amefumba macho. Nikapiga hesabu, mkaa umekula hela nyingi kuliko maharage yenyewe. Na hayo maharage hayakuiva sawasawa. Nyumba yetu ya kupanga, choo kimoja, na baba mwenye nyumba ana usingizi mwepesi. Naomba niishie hapo.

Jumanne nazi. Jirani, umeshawahi kukalia mbuzi? Kale kakigoda kana jino mbele. Unakaa upande, unaweka kizio cha nazi kwenye jino, unazungusha. Nikazungusha. Wapangaji wote wakapata shughuli za uani ghafla. Mmoja anafagia palipofagiliwa. Nilikuna nazi, nikakuna na kidole gumba. Nikakamua, nikamimina tui lote kwa mpigo, nikafunika, moto juu. Nafunua nakuta mafuta yanaelea juu, maji yako kivyake, wali umekuwa uji. Ndipo bibi wa chumba cha nne, aliyekuwa amekaa pale tangu nashika panga kuvunja nazi, akatia neno. "Mjukuu wangu, tui jepesi ndilo linaanza. Zito ni la mwisho, na hukoroga." Asante bibi. Ungesubiri mpaka Eid.

Jumatano na Alhamisi sizizungumzii. Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa mpaka sumu itoke, na jirani mwenye kinu alikitaka kinu chake katikati ya kazi.

Ijumaa nikadamkia soko la samaki la Feri. Bei ya pale wanasema ni ya pwani, samaki anatoka majini. Anatoka kweli, lakini anatoka na mnada. Lundo la vibua liko chini, mtu anapiga kelele, na kabla hujajua anauza au anagombana na mkewe, limeshanunuliwa. Kina mama fulani wakanihurumia, wakaniambia baba changia, tununue lundo tugawane. Nikachangia. Tukagawana kwa haki, kimoja kimoja, huku naangalia kwa macho yangu. Kufika nyumbani nafungua mfuko, vyote vya kwangu ni vidogo. Nifafanulie hilo. Na friji hatuna, kwa hiyo vyote vikaangwe siku hiyo hiyo. Mafuta ya kupima ya jero siku hizi yanalowanisha chupa tu. Nikanunua ya jero. Nikarudi. Nikanunua tena. Mpaka Mangi akaniuliza kama nimefungua mgahawa.

Jioni hiyo hela ikaisha. Ratiba bado ina makande na pilau, mimi nina buku tatu na mfuko wa dona.

Mama watoto akasimama, akajifunga khanga. Hakusema neno, na hilo ndilo linaniudhi mpaka leo. Akangoja magharibi. Saa hiyo mchicha wa gengeni umeshalala na muuza genge anataka kwenda nyumbani, kwa hiyo mafungu mawili yanatoka kwa bei ya moja. Akachukua na nyanya masalo, zile zilizopondeka, za mchuzi nani anaziangalia sura? Usiku akaloweka yale maharage yangu yaliyobaki. Asubuhi akamwaga maji yake, akayabandika kwenye mkaa uliobaki baada ya chai, moto wenyewe ule wa kuuzimia majivu. Akachemsha yote kwa pamoja, bila chumvi, bila mafuta. Nusu akaunga mchana. Nusu akayapasha jioni yasichache, yakawa makande, na mahindi alipewa na bibi wa chumba cha nne kwa kubadilishana na dona. Dona yangu!

Sasa niambie, hayo yameandikwa wapi? Mimi nina ratiba imepigwa rula, yeye ana mambo kichwani. Nikamwambia huo si uungwana, angenipa na mimi hizo mbinu siku ya kwanza. Akanijibu huku anachambua mchele, "Mbinu za nini, na wewe ulikuwa na hela ya wiki? Mimi unaniachia buku nne leo, kesho mbili, keshokutwa unaniambia kopa kwa Mangi. Mtu wa buku mbili anaendaje Tandale?" Nikanyamaza. Halafu mkubwa, asiyejua kufunga mdomo, akasema ile hela ilikuwa ya mchezo wa mama, zamu yake ilifika wiki ile, alikuwa ajaze mtungi.

Nikauangalia mtungi. Umeshika mlango.

Jumapili pilau ikapikwa, nyama hamna, viungo vipo. Harufu ikafika kwa shemeji yangu anayekaa mtaa wa tatu, akaja na watoto. Wakala. Akasifia. "Shemeji, kumbe unajua kupika!" Mama watoto akatazama dari.

Ratiba imebanduliwa. Panya walikula ule ukoko. Mimi nimebakishiwa kazi moja tu pale jikoni, kupepea. Nayo juzi nimeambiwa napepea majivu kwenye mboga, nisogee.