Ukelele Usio Wangu

Naapa, na kiapo hicho nilikwisha kula mbele ya wazee wote waliohudhuria posa ile juzi usiku, ya kwamba ukelele uliosikika katikati ya maneno yangu haukutoka kinywani mwangu, bali ndani ya mkono wa kanzu yangu, alimojisitiri nondo mkubwa aliyevutwa na nuru ya karabai. Nilikuwa mshenga, nimekwisha kufika kwenye mahari, mahali mtu atakiwapo kuwa na haiba na sauti nzito, mara likatoka yowe jembamba, kama la panya aliyebanwa na mlango. Wazee wakanigeukia mimi. Mkubwa wao akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kicheko, "Pole, mwanangu. Nondo hang'ati."

Basi na ijulikane. Nondo huyu, mwenye alama mgongoni mfano wa fuvu la mwanadamu, ambaye Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758 alimwita Atropos, kwa jina la mungu wa kike wa Wayunani akataye uzi wa uhai, hana mapafu. Lakini akishikwa huvuta hewa kooni kwa nguvu, hewa ile ikatikisa kigozi kilichomo humo, kisha huitoa kwa mkupuo kupitia mrija wake mfupi mnene, ikapiga mluzi. Kwa mrija huo huo hutoboa nta: usiku huingia mzingani akanywa asali, na nyuki, ambao wangemchoma hata sultani, mara nyingi humwacha, kwa kuwa mwili wake una harufu kama yao. Mwizi huyo hupita salama. Aliyehukumiwa ni mimi, niliyebisha hodi.

Wala sioni ucheshi hapa. Watu wale wale huamini bila ya ushahidi kwamba bundi akilia juu ya paa kuna maiti njiani, lakini kwamba mdudu ana sauti, jambo ambalo wangelihakikisha kwa kumshika tu, hilo waliliona hadithi ya mwoga. Na mahari wakaipandisha papo hapo.

Jana nikamkuta kiwavi wake kwenye mbiringanya, mnene, wa manjano, ana milia ya mshazari na kipembe kilichopinda mkiani. Nikamgusa kwa kijiti, akagonganisha taya zake kwa hasira, na mke wangu akaniuliza kutoka jikoni kama ni meno yangu.