Mabingwa wa Dunia Iliyolala

Wamarekani wana mpira wa kushika mikononi, nao wanauita wa miguu. Haya, mtoto wao, jina lao. Msimu wa 2007 New England Patriots walishinda mechi 18 mfululizo, wakachapwa ya 19, fainali: 17-14. New York Giants wakatawazwa mabingwa wa dunia. Dunia ipi? Hapa Malukhu, Mbale, Uganda, ulikuwa usiku wa manane, dunia imejifunika blanketi na kibanda cha mpira kina kufuli. Tena Giants walikuwa na damu yetu, Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto, waziri mkuu wetu wa kwanza. Fainali hakucheza. Katika mpira huo wa mikono, alikuwa amevunjika mguu tangu Novemba.