Rimoti Yenye Miguu

Mjomba wangu ana hotuba moja anayoitoa kwenye kila harusi na kila matanga: vifaa vya kisasa vimewalemaza vijana. Huitoa akiwa amejilaza kwenye kochi, rimoti kifuani, glasi ya maji ameletewa. Watu wazima wenzake huitikia kwa vichwa. Sisi tuliokulia kwake huangaliana tu.

Maana mimi nilikuwa rimoti ya yule mzee. Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na hawachoki kutukumbusha), na haukupita muda mrefu mjomba akanunua yake, ya chogo. Ilikuja na rimoti. Rimoti ile ilivishwa nailoni, ikafungiwa kabatini pamoja na hati ya kiwanja, isije ikachakaa. Kazi yake tukapewa watoto. Niko nje nacheza gololi, nasikia naitwa kwa sauti ya mtu aliyeumwa na nyoka. Natimua mbio, nafika nahema.

"Naam, mjomba."

"Ongeza sauti."

Na kitufe kiko hapo, angenyoosha mkono tu angekifikia.

Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Shughuli yenyewe ilikuwa antena, iliyokaa juu ya mlingoti nyuma ya nyumba. Picha ikiingia chenga, mmoja anatoka kuzungusha mlingoti, mwingine anasimama dirishani kupokea amri kutoka sebuleni na kuzipitisha. "Hapo! Hapo hapo! Aa, umepitiliza. Rudi. Usirudi sana!" Picha ikishatulia, ukiachia tu mlingoti, chenga hizo zinarudi. Ndiyo kusema na mwili wako ulikuwa sehemu ya mitambo. Ziko taarifa za habari nilizozisikiliza kuanzia salamu hadi kwaheri nikiwa nimekumbatia mti gizani, mbu wakijipigia karamu.

Wamarekani kwenye jambo hili hawakuona haya. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ilitoa rimoti iliyounganishwa na televisheni kwa waya, ikaiingiza sokoni kwa jina la Lazy Bones, yaani mvivu wa kutupwa. Wakainunua hivyo hivyo. Walicholalamikia ni ule waya, kwamba unawakwaza sebuleni. Mwaka 1955 ikaja nyingine isiyo na waya, ya kumulika mwanga kwenye kona za kioo. Nayo jua likipenya dirishani, televisheni inaanza kujibadilisha stesheni yenyewe. Lakini angalau mtu wa kule aliuona uvivu wake akatafuta mashine. Mjomba aliuona wake akatafuta mpwa.

Ndiyo maana nikisikia vifaa vimeleta uvivu, huwa nataka kwanza kujua hiyo kazi zamani ilikuwa inafanywa na nani. Mara nyingi si huyu anayelalamika. Wazee wanaousifu wali wa nazi iliyokunwa kwa mkono, wengi wao hawajawahi kuikalia mbuzi hata siku moja. Wali waliukuta umeshapakuliwa. Aliyekaa kwenye mbuzi akikuna mpaka meno ya chuma yakamkwangua vidole, kisha akakamua tui kwa kifumbu, alikuwa binti wa mtu, na huyo sijamsikia akiililia zamani. Huyo kanunua blenda.

Si kwamba blenda imempumzisha. Juzi dada yangu katia vipande vya nazi, blenda ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Uniti za LUKU zimeisha. Kununua umeme kwa simu ni jambo la dakika moja. Tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008, foleni za malipo tumezisahau. Ila simu yake ilikuwa imezima chaji, na yangu ina chaji lakini haina hata shilingi. Umeme unataka simu, simu inataka umeme. Ikabidi ajitande kanga, ashike njia ya kwa wakala gizani, arudi na kikaratasi chenye tarakimu 20. Nikawa namulika, mwanawe anamsomea, yeye anabonyeza.

"Hiyo saba au moja?"

"Moja."

Mita ikakataa. Ilikuwa saba. Na muda wote huo mbuzi ya marehemu bibi ilikuwa pale pale chini ya meza, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Aliyenimaliza kabisa ni shangazi yangu, ambaye wanawe walimnunulia mashine ya kufulia ili apumzike. Maji ya bomba kwake hayana nguvu ya kufika kwenye mashine, kwa hiyo huyachota kwenye simtanki kwa ndoo na kuyamimina mwenyewe. Kabla ya hapo huzifikicha kola zote kwa mkono, kwa sababu mashine, anasema, haijui kola. Ikianza kuzunguka anavuta kigoda, anakaa mbele yake na kuikodolea macho mpaka imalize, maana ikikamua hutembea, na isipozuiwa inaweza kufika mlangoni. Nguo zikitoka anazisuuza upya kwenye beseni, haamini kama povu limekwisha.

Nikamuuliza, kwa adabu zote, sasa mashine inamsaidia nini.

"Mwanangu," akasema, mkono mmoja kiunoni, anaunyoosha mgongo, "wewe hujui tu. Zamani nilikuwa nafua peke yangu."