Sifa za Skrinishoti ya Kompyuta Kuukuu

Samaki wetu mukeke amesifiwa vya kutosha. Mawese ya Rumonge nayo hayahitaji wakili. Leo namsemea asiye na msemaji: skrinishoti ya kompyuta kuukuu, ile inayopigwa katika vile vyumba vya kuchapa barua na kutoa fotokopi, kando ya barabara itokayo Bujumbura kufuata ziwa. Hapo Kabezi lori la mawese likipita, meza hutikisika na skrini ikatikisika nayo.

Fadhila yake kubwa ni ukimya. Simu ya siku hizi ikipiga skrinishoti lazima itangaze: inalia, inametameta, inauliza umtumie nani. Kompyuta kuukuu haina majivuno hayo. Unabonyeza kitufe cha juu kulia, kilichoandikwa “Impr écran” kwa kuwa kibodi zetu ni za Kifaransa, na hakitokei kitu. Hakuna sauti, hakuna faili. Picha imeshachukuliwa, ila itakubidi uamini bila kuona. Wenye imani haba hubonyeza mara nne, na zile tatu za ziada hazina faida yoyote isipokuwa kumtuliza mbonyezaji.

Wapo wateja wanaogeuka kuitazama printa, maana kitufe kimeahidi kuchapa. Wasichekwe. Kwenye kompyuta za IBM za mwaka 1981, kitufe hicho kikibonyezwa pamoja na Shift kilipeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye karatasi. Windows ilipokuja ikakinyang’anya kazi, ikakiachia cheo. Viongozi wa namna hiyo tunao, na tunaendelea kuwapa kiti cha mbele.

Picha sasa iko wapi? Iko katika kumbukumbu ya muda, penye nafasi ya kitu kimoja tu. Nakili neno moja kutoka kwenye barua ya mtu mwingine, picha imekwenda. Umeme ukikatika, imekwenda. Na umeme wetu mnaujua.

Ndiyo maana chombo hiki kilionyesha utukufu wake wote msimu wa bahati nasibu ya viza za Marekani, ambao kwa miaka mingi ulifunguliwa mwezi wa kumi. Fomu yenyewe inakupa dakika 60. Ukimaliza kuituma, unatokea ukurasa wenye nambari ya uthibitisho, na bila nambari hiyo hutaweza kuangalia majibu yakianza kutoka mwezi wa tano. Printa haina wino. Kijana wa kompyuta anabonyeza, kisha anainua mikono yote miwili juu ya kibodi. “Mama, usiguse kitu.” Anafungua Paint. Paint inafunguka kwa wakati wake. Foleni nzima imenyamaza, hata yule aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho tu. Anabandika, na inatokea kona ya juu kushoto peke yake. Nambari iko chini, inabidi kuishukia polepole. Ipo! Mama anashusha pumzi. Simu gani imewahi kumpa mtu furaha ya kiasi hicho kwa tarakimu chache?

Tena si picha nyepesi ya kupeperuka. Ikihifadhiwa kwa BMP, skrini ya nukta 1024 kwa 768 inazidi megabaiti mbili, kwa hiyo enzi za disketi ya 1.44 haikuingia. Maskini wa skrini ndogo, 800 kwa 600, ndio waliobarikiwa: picha yao ilikuwa na baiti 1,440,054, ikaingia na kubakisha nafasi ya barua moja fupi. Leo kuna Windows zinazohifadhi picha zenyewe, tangu ile ya 8 ya mwaka 2012. Huo ni uvivu, na matokeo yake ni makabrasha ya picha mia tano ambazo hata mwenyewe hakumbuki alizipigia nini.

Halafu haijui kuficha. Inabeba skrini nzima, pamoja na jina la barua ya jirani iliyoachwa wazi pale chini, na saa kwenye kona. Betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, saa hiyo hushikilia kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2002, na mama yetu anakuwa na ushahidi kwamba aliomba viza kabla ya kuolewa. Wanaodharau ushahidi wa aina hii waende Mugere, kwenye barabara hiyohiyo, wakautazame mwamba ulioandikwa Livingstone, Stanley na 25-XI-1871. Majina yapo, tarehe ipo, yaliyotangulia hayapo. Basi mpaka leo kuna wageni wanaopiga picha pale wakiamini ndipo wawili hao walipokutana mara ya kwanza, ilhali walikwisha kuonana Ujiji, wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuuchunguza mto Rusizi kama unaingia ziwani au unatoka.

Fadhila ya mwisho ni ya wapenda mpira. Kwenye mashine nyingi za zamani video haikuchorwa pamoja na vitu vingine. Kadi ya picha iliipitisha juu ya eneo lililopakwa rangi moja tupu. Ukipiga skrinishoti ya goli, unaambulia pande jeusi. Lakini ukilibandika kwenye Paint, likaangukia palepale video ilipo, na video bado inacheza, lile jeusi linafunguka na wachezaji wanakimbia ndani ya picha. Nileteeni simu inayoweza kupiga picha ya goli, kisha mechi ikaendelea humohumo mpaka dakika za nyongeza.